Usianze na Taa

Msikilizaji wangu, kama hapo ulipo kuna ekstensheni ya umeme iliyokaa miaka mingi, hebu itupie jicho. Ndani ya swichi yake kuna kitaa cha rangi ya chungwa. Huenda kinapepesa: kinawaka, kinafifia, kinawaka tena, bila mpango wowote. Mgeni akikiona atasema umeme wa nyumba hii una matatizo. Umeme hauna tatizo. Kitaa hicho ni cha neoni, na neoni ikichakaa ndivyo inavyofanya.

Nimeanza na ekstensheni kwa sababu haikosekani majumbani, lakini hoja yangu leo ni ndugu wa ukoo huohuo: taa za tarakimu ziitwazo Nixie, na vijana (na wazee pia, tusijifiche) wanaozitumia kuunda saa za mezani kwa mikono yao. Saa hizo zinapendeza mno. Zina ugonjwa mmoja tu unaowasumbua sana wanaozitengeneza: tarakimu zinachezacheza. Na dawa inayokimbiliwa na wengi ndiyo ghali kuliko zote, yaani kung'oa taa na kuagiza nyingine ng'ambo.

Tuielewe kwanza taa yenyewe. Nixie ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa na kutiwa neoni kidogo. Ndani yake kuna nyaya nyembamba kumi zilizokunjwa kwa umbo la tarakimu, kutoka 0 hadi 9, zimepangwa moja nyuma ya nyingine, na mbele yake wavu mwembamba. Wavu huo ndio anodi, upande wa chanya. Kila tarakimu ni kathodi inayojitegemea. Ukiipa 7 njia ya kwenda kwenye hasi, gesi inayoizunguka 7 hung'aa. Waya wenyewe hauwaki, kinachong'aa ni gesi iliyoukumbatia. Kampuni ya Marekani iitwayo Burroughs ndiyo iliyozitoa sokoni mwaka 1955, na kwa miaka kama ishirini zilikuwa macho ya mashine za maabara, vipima volti na vikokotoo vya ofisini. Zikaja LED katika miaka ya 1970, zikazifagia. Warusi ndio waliochelewa kuziacha. Wakaendelea kuzitengeneza hadi miaka ya 1980, na ndiyo maana saa nyingi za mafundi wa leo zina taa za Kisovieti, IN-12 au IN-14, zilizolala stoo miongo kadhaa. Ukiiona IN-12 itazame ile 5 yake: ni 2 iliyopinduliwa kichwa chini. Kiwanda kiliona hakuna haja ya kukunja umbo lingine. Mimi napenda ubahili wa namna hiyo.

Sasa, siri ya neoni ni kwamba ina vizingiti viwili. Gesi ikiwa imetulia haipitishi umeme kabisa. Lazima uiongezee volti mpaka ikubali, na kwa IN-14 hapo tunazungumzia volti kama 170. Ikishawaka, volti kati ya wavu na tarakimu hushuka zenyewe hadi karibu 140, na hapo inaendelea kung'aa bila taabu. Ni kama kusukuma gari lililozimika: kuling'oa pale liliposimama kunataka watu wanne, likishaanza kuviringika wawili wanatosha. Saa inayochezacheza, mara nyingi sana, ni saa ambayo umeme wake unatosha kuviringisha lakini hautoshi kung'oa, au unatosha leo na kesho hautoshi.

Kitaa cha ekstensheni nacho ni hivyohivyo. Umeme wetu wa majumbani, wa volti 230, hupanda hadi volti 325 kileleni, na vilele hivyo huja mara 100 kila sekunde. Kila kilele kitaa kinawaka, kisha kinazima. Kadiri miaka inavyokwenda, chuma cha ndani huchomolewa chembe kwa chembe na kwenda kuganda kwenye kioo, ndiyo ule weusi unaouona, na kizingiti cha kuwaka kinapanda. Siku kinapokaribia kilele chenyewe, kitaa huanza kukosa baadhi ya vilele. Unachokiona wewe ni kupepesa.

Turudi kwenye saa. Umeiwasha, tarakimu zinacheza. Ombi langu ni moja: usishike kitu. Kaa uitazame. Namna inavyocheza ndiyo ushahidi wenyewe, na fundi anayekimbilia kubadilisha vipuri anaufuta ushahidi kabla hajausoma. Zinacheza zote pamoja, au moja? Tarakimu zote za taa hiyo, au 8 peke yake? Usiku tu? Au zinashtuka kwa mpigo, mara moja kila sekunde?

Zikicheza zote kwa pamoja, achana na taa. Hakuna taa nne wala sita zinazougua siku moja. Nenda kwenye ugavi wa umeme.

Na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kesi nyingi. Saa za siku hizi hulishwa na adapta ya volti 12, halafu ndani yake kuna saketi ndogo inayozipandisha hadi 170 au 180. Wengi hutumia chipu ya MC34063 pamoja na transista ya kuhimili volti nyingi, IRF740 kwa mfano, koili, daiodi na kapasita. Kupandisha volti 12 mara kumi na tano ni kazi nzito, na kila kipuri kina namna yake ya kuiharibu. Adapta nyingi za bei rahisi huandikwa namba ambazo hazitoi. Taa sita za IN-14 zikivuta miliampia 2.5 kila moja kwa volti 175 zinakula wati 2.6, ongeza hasara ya saketi yenyewe, ni karibu wati tatu na nusu, yaani kama theluthi moja ya ampia upande wa volti 12. Adapta dhaifu hulegea hapo, na saketi ya kupandishia hulegea nayo.

Kipuri cha pili cha kushuku ni daiodi. Mafundi wengi wana 1N4007 kwenye kopo, ni rahisi na inapatikana kila duka. Kwa umeme wa ukutani ni daiodi nzuri. Hapa haifai. Saketi hii hukata na kuunga makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na 1N4007 ni nzito kufunga mlango; kabla haijafunga, sehemu ya umeme imesharudi ilikotoka. Inapata moto, volti zinashuka, taa zinacheza. Tafuta ya kasi, UF4004, ambayo hufunga ndani ya nanosekunde 50. Kisha sikiliza. Ndiyo, sikiliza kwa sikio. Ugavi wenye afya hutulia. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka, mara nyingi ni saketi inayojitafuta: inapandisha, inaona imezidisha, inapunguza, inaona imepunguza mno. Chanzo huwa ni koili ndogo iliyozidiwa na mkondo, au ule waya unaorudisha habari za volti kwenye chipu, umepitishwa jirani na koili na kuokota kelele zake. Usogeze waya huo mbali, ufupishe, utashangaa.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo ningependa uiandike mahali. Kila taa ina rezista yake kwenye anodi. Ugavi ni volti 175, taa inashikilia 140, kwa hiyo rezista inabaki na 35. Rezista ikiwa ya kiloomu 15, mkondo ni miliampia 2.3, pazuri kabisa kwa IN-14. Sasa tuseme ugavi umeshuka hadi 150. Umeshuka kwa asilimia 14 tu, unaweza kudhani si kitu. Lakini taa bado inadai 140 zake, rezista imebakiwa na volti 10, na mkondo umeanguka hadi 0.67. Umepoteza zaidi ya theluthi mbili! Mtikisiko mdogo kwenye ugavi unakuwa tetemeko kwenye tarakimu. Ukiunda ugavi wa volti 200 na rezista ya kiloomu 25, mkondo wa kawaida ni uleule, lakini anguko lilelile la volti 25 linakupotezea chini ya nusu. Watu hupenda volti ndogo na rezista ndogo kwa kuogopa joto na kuokoa umeme. Mimi nasema wanaokoa mahali pasipostahili. Ila usipande ovyo: ile chipu ya Kisovieti inayochagua tarakimu, K155ID1, haipendi volti nyingi kwenye miguu yake, na ukizidisha utaanza kuona tarakimu ambazo hukuziita zikimulika kwa mbali nyuma ya ile uliyoiita.

Ikiwa inayocheza ni taa moja tu, zile nyingine zimetulia, anza na mahali inaposhikia. Soketi za IN-12 ni za zamani kama taa zenyewe, na kwa sisi tunaoishi pwani, Dar es Salaam, Mombasa, Tanga, hewa ya chumvi haisubiri kualikwa. Miguu ya taa ikifanya kutu, umeme unapita kwa kubahatisha. Chukua kijiti kikavu cha mbao, iguse taa taratibu huku saa inawaka. Ikibadilika kwa kuguswa, umeshampata mhalifu. Zima, safisha kwa spiriti, na sehemu ulizolehemu ziangalie chini ya mwanga mkali, kwa sababu risasi iliyopoa vibaya huonekana imeshika kumbe imeegemea tu. Safisha pia mabaki ya dawa ya kulehemia yaliyoganda kwenye bodi. Kwa volti tano hayana neno, lakini kwa volti 175, pamoja na unyevu na vumbi, hugeuka njia ya panya ya umeme.

Nimetaja volti 175 mara nyingi, kwa hiyo niseme na hili hapohapo. Umeme huo unaweza kukudhuru vibaya. Kapasita ya ugavi hubaki nao hata baada ya kuchomoa adapta. Kabla ya kutia kidole, pima kwa mita, na kama bado upo umwage kwa rezista ya kiloomu kadhaa, si kwa bisibisi. Na unapopima saa inayowaka, mkono mmoja ukae mfukoni.

Tunakuja kwenye ile niipendayo: taa inayong'aa nusu. Unaita 8, duara la juu linawaka, la chini linafifia, kisha mwanga unahama, unatembeatembea juu ya waya. Ukiita 1, imetulia kimya. Msikilizaji, hapo hakuna ugonjwa wowote wa taa. Neoni ina tabia ya kutandaza mwanga kulingana na mkondo. Mkondo mdogo unatosha kufunika kipande tu cha waya. Mkondo ukiongezeka, mwanga hautangulii kuwa mkali, hutangulia kutanuka mpaka uufunike waya wote. Tarakimu 1 ni fupi, inafunikwa haraka. 8 na 0 ni ndefu, zinadai zaidi. Kwa hiyo saa inayotulia kwenye 1 na kutetemeka kwenye 8 inakuambia waziwazi kwamba mkondo haujatosha. Pima volti kwenye miguu miwili ya rezista ya anodi, gawa kwa thamani ya rezista, utaujua. Ukikuta miliampia moja pale panapotakiwa mbili na nusu, badilisha rezista ya senti chache.

Zile nukta mbili katikati ya saa na dakika nazo zina kituko chao. Ni vitaa vidogo vya neoni, na anayeanza huvifunga viwili sambamba kwenye rezista moja. Kimoja kinawaka, kingine giza. Au vinapokezana kama vinavyogombana. Sababu ni vile vizingiti viwili: kinachotangulia kuwaka kinashusha volti hadi kiwango chake cha kushikilia, na mwenzake hawezi tena kufikia kiwango cha kuwaka. Kila kimoja kipewe rezista yake, ugomvi umekwisha.

Kuna kucheza kunakotoka kwenye programu. Saa nyingi hazizilishi taa zote kwa wakati mmoja. Huzizungukia: taa ya kwanza kidogo, ya pili kidogo, ya tatu, ya nne, kisha tena, haraka kiasi kwamba jicho linaona zote zinawaka. Taa zikishtuka kwa pamoja mara moja kila sekunde, kwa nidhamu kama gwaride, angalia ni kitu gani programu inafanya kila sekunde. Karibu kila mara utakuta ni hapo inapokwenda kuisoma ile chipu ya kutunza saa, DS1307 au DS3231, na inapoisoma inasahau kuzizungukia taa. Na kama umeongeza ufundi wa kupunguza mwanga usiku, angalia mwendo wake usigongane na ule wa mzunguko. Taa zikizungukiwa mara 100 kwa sekunde na mwanga ukikatwakatwa mara 90, tofauti yake ni kumi, na kumi kwa sekunde jicho la binadamu linaiona vizuri sana.

Simu inaweza kukusaidia, ile kamera yake ya mwendo wa polepole. Lakini jihadhari na unachokiona. Saa ya mzunguko, hata iliyo nzima, kamera itaionyesha ikiwaka kwa zamu. Hiyo ni tabia yake. Unachotafuta ni zamu iliyorukwa.

Na ile inayocheza usiku tu? Mchana imetulia, ukizima taa za chumbani inaanza, wengine hufikia kusema ina mashetani. Ili gesi ikubali kuwaka inahitaji elektroni chache za kuanzia, na mchana mwanga wa chumba huzichomoa kutoka kwenye chuma cha taa. Gizani hazipo za kutosha, taa inasubiri bahati. Viwanda vya zamani vilijua hilo, ndiyo maana baadhi ya taa za neoni zilitiwa kiasi kidogo sana cha gesi yenye mnururisho, kryptoni-85, ili elektroni zisikosekane. Kipimo chake ni rahisi: katika giza, imulike saa kwa tochi. Ikitulia papo hapo, ugavi wako uko karibu mno na kizingiti. Ongeza volti kidogo, na rezista uipandishe kwa kadiri hiyo. Wapo wanaoweka LED ya buluu chini ya kila taa, na kwa kweli inasaidia, maana mwanga wa buluu una nguvu ya kuchomoa elektroni kuliko mwekundu. Ila rangi ya chungwa iliyomwagiwa buluu, macho yangu hayaiwezi. Heri volti kumi zaidi.

Basi taa yenyewe haiugui? Huugua. Waya wake ukipindwa karibu sana na kioo, kioo hupata ufa usioonekana, hewa inaingia, na rangi hubadilika kuwa ya zambarau iliyopauka kabla haijazima moja kwa moja. Hiyo imekwenda, izike. Kuna na maradhi ya taratibu zaidi. Ile taa ya makumi ya saa, kwenye saa ya masaa 24, kazi yake yote ni 0, 1 na 2. Tarakimu 3 hadi 9 hazijawahi kuitwa, na zimekaa zikipokea chembe za chuma zinazoruka kutoka kwa zile zinazofanya kazi. Siku ukiamua kuihamishia taa hiyo upande wa dakika, utaita 6 na kupata 6 yenye mapengo, inayotetemeka pale penye mabaka. Hata hiyo mara nyingi inaponyeka: iwashe tarakimu hiyo peke yake kwa mkondo uliozidi kidogo ule wa kawaida, saa kadhaa, wakati mwingine siku, mpaka uchafu ung'oke. Saa nyingi zilizoandikwa programu kwa busara hufanya kazi hiyo zenyewe usiku wa manane, zinazungusha tarakimu zote kwa dakika chache wakati hakuna anayeuliza ni saa ngapi.

Taa za zamani zinapungua na bei inapanda. Yupo Mcheki mmoja, Dalibor Farný, aliyejifunza upya kuzitengeneza kwa mikono, kazi nzuri ajabu, lakini moja tu inagharimu pesa ambayo fundi wetu wa kawaida angenunulia vifaa vya saa nzima. Kwa hiyo kabla hujaiagiza, fanya jaribio hili ambalo ni bure: ile taa unayoishuku na jirani yake unayoiamini, zibadilishane nafasi. Kucheza kukihama pamoja na taa, ni taa. Kukibaki palepale, chukua mita yako uanze na ile rezista ya anodi.